Mkono Uliotulia

Mlango wa chuma wa kibanda cha kinyozi una uzito wake. Niliuvuta mara mbili. Mara ya kwanza vidole vya mdogo wangu vililia kama vijiti vikavu. Mara ya pili havikulia. Aliyelia ni yeye. Watu husema hasira zilinipofusha. Hazikunipofusha. Niliushika mkono wake wa kulia, nikauweka kwenye fremu, nikavuta nikiwa naona kila kitu, pamoja na Mwalimu mstaafu aliyesimama nyuma yetu na povu la sabuni nusu ya uso.

Miaka miwili kabla ya hapo nilikuwa nimempa mdogo wangu huyo kipande cha ini langu. Lake lilikuwa limekwisha. Mimi ni fundi mwashi. Walinipasua kutoka kifuani hadi karibu na kitovu, na kwa miezi minne sikuruhusiwa kunyanyua hata ndoo ya mchanga. Sikujuta. Siku nilipomkuta ameketi kitandani analalamika kwamba chakula cha hospitali hakina chumvi, macho yake yamerudi kuwa meupe, nilicheka mpaka mshono ukaniuma.

Daktari alitueleza taratibu, kama mtu anayewaelekeza wageni njia. "Mwili wake haulijui ini hili. Mwili una walinzi, na watalipiga kama wanavyopiga mwizi. Vidonge hivi vinawalaza walinzi. Asubuhi na jioni, maisha yake yote."

Vidonge vilimlaza nani sijui, lakini mikono yake viliiamsha. Ilianza kutetemeka. Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo dogo. Yeye alikuwa akiitwa Kinyozi tangu ana miaka kumi na saba, hata mama yetu alimwita hivyo, na ndiye pekee mtaani aliyekuwa bado ananyoa kwa wembe wa kukunja. Akamkata mmoja sikio, mwingine kidevu. Wateja walianza kwa utani, "Leo tunanyolewa au tunachanjwa?", kisha wakahamia kwa jirani bila utani. Nilimwambia atumie mashine.

"Mashine hata mbuzi anaweza kuishika," alinijibu.

Siku ile nilipita kibandani saa kumi alasiri, natoka kazini, timazi yangu ya kupimia kuta mfukoni. Mwalimu alikuwa kitini, kichwa amekilaza nyuma. Macho yangu yana miaka ishirini ya kutafuta mstari ulionyooka, na niliuona: wembe ulipanda kutoka kooni hadi kidevuni bila kuyumba, sawasawa na uzi wa timazi. Nilifurahi. Kwa muda wa pumzi moja nilifurahi kabisa, kama mjinga. Kisha nikaelewa.

"Umeacha lini?"

Hakuniuliza nimeacha nini. "Hii wiki ya sita. Na sijafa."

"Hebu nitazame."

Akageuka. Pembe za macho zilikuwa zimeshaingia manjano, na shingo ilikuwa na mistari ya kucha, alikuwa anajikuna.

"Ini limeshanizoea, dada."

"Limekuzoea wewe? Hilo ini nimeishi nalo miaka thelathini na minane. Halimzoei mtu."

Mwalimu alicheka. Alidhani tunataniana.

Nilimpiga kofi. Akaniambia nitoke. Nikampiga la pili, kwa mkono unaobeba matofali, kichwa chake kikagonga kioo, kioo kikapasuka kutoka juu hadi chini. Mwalimu akaruka kitini na shuka limefungwa shingoni. Nilimkaba mdogo wangu, nikamwambia atameza leo, mbele yangu, apende asipende. Ndipo akanipiga ngumi. Hakulenga uso. Alipiga juu ya kovu, pale pale, mahali alipopajua kuliko mtu yeyote duniani. Nilianguka kwa magoti nikatapika kwenye nywele za watu.

"Mimi sikukuomba," alisema. "Ulijileta mwenyewe. Ningekufa nikiwa kinyozi."

Wembe ulikuwa bado mkononi mwake. Nadhani alikuwa ameusahau. Nilipoinua kichwa niliuona mkono ule, baada ya vita vyote hivyo, umetulia tuli. Sikumchukia yeye. Niliuchukia mkono. Ndio uliokuwa unamuua, na unafanya hivyo kwa ustadi. Nikamrukia, wembe ukanipasua kiganja kabla ya kuanguka, nikamburuta hadi mlangoni. Yaliyofuata nimeshayasema.

Mwalimu ndiye aliyetafuta gari. Njiani aliniambia hasira hasara. Nikamwambia ajifute povu.

Hospitali walimuuliza nini kimetokea. Mdogo wangu alitazama dari. "Mlango ulinibana," akasema, na mpaka leo hajasema vingine. Walipompima damu, vidole vikasahaulika. Walinzi walikuwa wameamka wote. Siku tatu alitundikiwa dripu, na siku ya nne daktari alinivuta kando akaniambia, "Mngechelewa wiki moja tu..."

Vidonge vilipoletwa nilisimama pembeni ya kitanda. "Fungua kinywa. Inua ulimi." Alifungua, akainua, akiangalia ukuta. Tangu atoke wodini hajanisemesha.

Vidole vitatu vilipona vimepinda. Haviwezi kujikunja kuushika wembe. Nikiulizwa kama najuta, naijutia ile mara ya pili. Ile ya kwanza ningeirudia hata kesho. Ya pili ilikuwa ya kovu langu.

Imepita miaka tisa. Ananyoa kwa mashine, kwa mkono wa kushoto, na hakuna mbuzi aliyekuja kumpokonya kazi. Kila asubuhi saa mbili, nikienda kazini, nasimama ng'ambo ya barabara na ndoo yangu ya vifaa. Ananiona kwenye kioo kipya. Anageuka, anaweka vidonge kinywani, anakunywa maji kwa glasi, kisha anafungua kinywa wazi na kuinua ulimi ili nione kuwa ni patupu. Halafu ananipa mgongo.

Ulimi mimi siuangalii. Kidonge kinafichika shavuni. Naangalia glasi. Ikitetemeka mpaka maji yakamwagikia shati, naokota ndoo yangu naenda kazini.