Siku Ndege Ilipoanguka Kota

Kitanda kilikuwa kimeshapanda lori, miguu juu kama mbuzi aliyekata tamaa, kabati limeshafungwa kamba, dereva ameshawasha injini, ndipo Bi Pasi alipokumbuka vibanio vyake.

"Vibanio gani, mama?" akauliza mwanawe. Alikuwa fundi bomba, mtu wa kutazama saa hata usingizini.

"Vya kuanikia nguo. Mwalimu aliviazima."

"Nitakununulia vipya huko."

"Vya huko ni plastiki. Vinauma nguo siku mbili vinavunjika, kama wakwe wa siku hizi."

Fundi bomba alikuwa na mke, na huyo mke ndiye mkwe pekee aliyekuwepo, kwa hiyo akaona heri atazame saa yake. Dereva akazima injini. Bi Pasi akashika njia ya ukumbini alikokuwa Mwalimu, hana haraka, mtandio begani.

Alikuwa dobi wa Kota tangu ujana. Kota yenyewe ilikuwa safu za vyumba vilivyojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa karakana ya reli, vimepeana migongo kama watu waliogombana, bomba moja la maji kwa kila safu. Sasa tangazo lilikuwa limeshabandikwa: Kota inavunjwa. Watu walikuwa wanahama mmojammoja, na siku hiyo ilikuwa zamu yake kwenda kuishi kwa mwanawe, mji wa mbali.

Mwalimu alikuwa binti mgeni, amekuja kufundisha shule ya hapo, akaipenda Kota kama anavyoweza kuipenda mtu ambaye hajawahi kupanga foleni kwenye bomba lake. Aliomba kila nyumba ilete picha za zamani, zitundikwe ukumbini, watu watazamane kabla hawajatawanyika. Bi Pasi alimkuta amekaa juu ya meza, mkono shavuni.

"Mwanangu, nani kafa?"

"Hakuna, bibi. Hebu tazama mwenyewe."

Kamba zilikatiza ukumbi mzima, zimejaa picha. Katika kila picha kulikuwa na ndege. Ndege ileile, ina madirisha ya duara na ngazi nyeupe. Chini ya ngazi alisimama mwendesha tingatinga wa karakana, amevaa koti la kuazima, anapunga mkono kama anaaga nchi. Picha ya pili, mama na watoto watano, wote wamekunja uso kwa jua la ughaibuni. Ya tatu Kinyozi, enzi hizo ana nywele za kunyolewa, ameshika mkoba usio na kitu ndani.

"Nimeomba picha za Kota," Mwalimu akasema, "nimeletewa uwanja wa ndege."

"Wewe ulitaka nini?"

"Vichochoro. Bomba. Foleni ya ndoo. Ule moshi wa karakana."

"Sasa mwanangu, mtu aoge, avae, ajipake mafuta mpaka masikioni, halafu akapigwe picha na ndoo?"

Ukweli ni kwamba Kota ilikuwa na studio moja tu, nayo ilikuwa upenyo kati ya vyumba viwili, umeezekwa mbele, nyuma uko wazi kwenye kichochoro cha bomba. Mpiga picha, Mungu amrehemu, alitundika pazia lililochorwa ndege ili kuficha kichochoro. Lakini upepo ulikuwa haujali sanaa. Ulipuliza pazia, ndege ikajaa tumbo, abiria wakafunikwa. Ndiyo maana akaajiriwa mtu wa kusimama pembeni, nyuma ya mti uliolishikilia pazia, kushika ncha lisiruke. Mtu huyo watu walimwita Pazia. Kazi yake ilikuwa kutoonekana, na aliiweza, isipokuwa vidole. Katika kila picha ya Kota, upande wa kulia wa anga, kuna vidole vinne vimeshika mawingu.

Pazia alikuwa mume wa Bi Pasi.

Siku ya harusi yao walikwenda studio, na upepo nao ukaja kama mwalikwa. Mpiga picha akasema, bwana harusi, hebu shika kidogo. Bwana harusi, mtu wa kazi, akashika. Picha ikatoka: bibi harusi peke yake chini ya ndege, uso umekunjamana kama shati lililotolewa kwenye karai, na kule pembeni vidole vinne. Wageni wakija nyumbani na kuuliza bwana yuko wapi, Bi Pasi alionyesha kwa kidole: "Huyo hapo."

Pazia hakupigwa nyingine, ila ya kitambulisho. "Mimi ni mtu wa nyuma," alikuwa akisema. Alipokufa, hata kitambulisho kilirudishwa ofisini. Bi Pasi hakujali, uso wa mume ulikuwa kichwani, nani atauiba? Mpaka wiki iliyopita, mjukuu wake aling'oka jino akampigia simu. "Bibi, baba anasema na babu alikuwa na pengo. Lilikuwa upande gani?" Bi Pasi akafungua mdomo ajibu, jibu halikuwepo. Kushoto? Kulia? Alimuuliza mwanawe. Mwanawe akasema kushoto, kisha akasema kulia, kisha akasema ana kazi. Tangu siku hiyo mwanamke huyo alikuwa akipiga pasi huku anatafuta uso, na kila siku anapoteza kipande kingine. Jana nyusi. Hapa Kota walau kulikuwa na watu wa kusema, "Pazia? Namkumbuka." Huko anakohamia angekuwa ameolewa na vidole tu.

Hayo hakumwambia Mwalimu. Alianza kuchomoa vibanio, na kila alipochomoa kibanio akaona vidole, na kile kidogo kilichopinda kwa kubanwa na mlango. Kisha kwenye picha ya yule mama wa watoto watano akaona kiatu. Kwenye nyingine, sikio. Akaacha vibanio, akaanza kupanga picha mezani: sikio juu, vidole kati, kiatu chini.

"Shemeji, unacheza karata?" Alikuwa Kinyozi, amekuja kuchukua picha yake. Alikuwa rafiki wa marehemu.

"Namtafuta kaka yako."

Kinyozi akainama, akatazama. "Ukiunganisha vyote hivyo utapata robo mtu, tena kilema. Mzima yuko kwa Malkia."

"Kwa Malkia?"

"Umesahau siku ndege ilipoanguka? Malkia yuko kwenye ngazi, mti ukakatika, pazia likamshukia, mumeo akaruka kumdaka. Mpiga picha alishabonyeza. Malkia akaichukua ile picha na filamu yake, akaapa jicho la mtu halitaiona."

Malkia alikuwa mshonaji wa gauni, mlango wa tatu kutoka kwa Bi Pasi, na walikuwa hawasemeshani tangu pasi ilipoacha alama ya pua yake kwenye gauni la hariri, mgongoni, chini kidogo. Walikuwa majirani wema kwa njia ya watu wengine. "Mwambie jirani mvua inakuja, aanue." "Mwambie ahsante."

"Twende," akasema Bi Pasi. "Wewe utakuwa mdomo."

Wakaenda watatu, maana Mwalimu aliposikia picha alifuata kama kifaranga. Malkia alikuwa nyuma ya cherehani, wigi sawasawa, wanja sawasawa, ingawa hakukuwa na mgeni aliyetarajiwa.

Kinyozi akakohoa. "Malkia, shemeji anaomba kuiona ile picha."

"Mwambie nilishaichoma."

"Anasema alishaichoma."

"Mimi si kiziwi," akasema Bi Pasi. "Muulize, kama aliichoma, mbona kila akisema anatazama juu ya kabati?"

"Anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie juu ya kabati kuna vumbi, natazama vumbi langu."

"Mwambie simtaki yeye. Namtaka mume wangu. Sikumbuki pengo lake lilikuwa upande gani."

Hilo Kinyozi hakuweza kulipeleka. Lakini lilikuwa limeshafika. Malkia aliendesha cherehani kidogo bila kitambaa, akaiacha. Akavuta kiti, akapanda, akateremsha boksi la viatu, na ndani ya boksi, chini ya vifungo, akatoa picha.

Ilikuwa mbaya kuliko hadithi. Malkia yuko chali kwenye ngazi za mbao, miguu miwili hewani kama kitanda kilichokuwa kwenye lori, ndege imemfunika tumbo, wigi limeondoka peke yake na limetua begani kama paka. Mdomo ungeweza kupitisha behewa. Na juu yake, amemshika kwapa ili asifike chini, ameinama mbele kabisa ya kamera kwa mara ya kwanza pale studio, Pazia. Uso wote. Anacheka.

Pengo lilikuwa kulia. Bi Pasi angekula kiapo kuwa ni kushoto.

Aliitazama hadi Kinyozi akaanza kuhesabu vigae vya dari. Mwalimu naye alikuwa amesogeza pua mpaka karibu iguse karatasi, lakini yeye hakuwa akimtazama Pazia wala Malkia. Pazia lilipoanguka, kamera ilikuwa imekula kichochoro chote: bomba, foleni ya ndoo zimeachwa na wenyewe, kamba za nguo, na nyuma kabisa bomba la moshi la karakana likitoa moshi.

"Kota," akasema kwa sauti ndogo. "Hii ndiyo Kota."

"Haitundikwi," Malkia akasema.

"Mwambie naomba niondoke nayo," akasema Bi Pasi.

"Mwambie aondoke na mumewe. Mimi nabaki."

Akachukua mkasi na chaki ya fundi, akalaza picha mezani kama kitambaa. Akaweka mstari hapa, akaufuta. Akaweka pale. Taabu ilikuwa mkono. Ukimkata Malkia, mkono wa Pazia unakwenda naye.

"Atabaki bila mkono," Kinyozi akasema.

"Watu wanaishi bila mkono."

"Lakini mkono ndio shemeji alikuwa nao. Ukimpa uso ukamnyang'anya vidole, si umembadilishia tu kipande kwa kipande?"

Malkia akageuza picha, atafute mstari kwa upande mwingine. Hapo akasimama. Akavaa miwani. Kisha akafanya jambo lililomshtua Kinyozi, akamgeukia Bi Pasi mwenyewe.

"Makalio haya ni ya nani?"

Kule nyuma ya picha, karibu na bomba, mtu alikuwa ameinamia karai, kaupa mgongo ulimwengu wote. Ndoo zote zimekimbiwa, watu wameenda kuona ajali, yeye anafua tu. Uso hauonekani. Kilichoonekana kilionekana vizuri sana, tena kwa mwanga wa mchana.

"Sijui," akasema Bi Pasi.

"Hujui."

"Kota ilikuwa na wanawake wengi."

"Wanawake wengi, ndiyo. Hayo yalikuwa peke yake."

"Hilo karai ni lako, shemeji," Kinyozi akachangia, akajuta.

Wakati huohuo dereva wa lori akapiga hodi na kuingia kwa pamoja. "Mama, fundi anasema jua..." Akaiona picha. Alijitahidi kwa heshima, lakini kicheko kilimtoka puani, kikamshinda, akashika mlango.

Malkia alimsubiri amalize. "Unacheka nini, baba?"

"Samahani, mama."

"Nimekuuliza. Unanicheka mimi hapa mbele, au huyu wa nyuma?"

Dereva alikuwa amesafirisha mizigo ya wajane wengi, na alijua barabara yenye shimo akiiona. Alitazama picha upya, bila haraka, kama mtu anayepima mzigo. "Nisiseme uongo," akasema. "Mbele mtu amepata ajali tu. Lakini huku nyuma..." Akashindwa tena.

Malkia akaweka mkasi chini.

"Haya," akamwambia Bi Pasi. "Kama tunachekwa wote, tuchekwe. Itundike, Mwalimu. Itundike palipo na mwanga. Akiuliza mtu huyu nani, unamwambia. Akiuliza yule nani, unamwambia vilevile, tena kwa jina."

"Nimekubali," akasema Bi Pasi.

"Na lile gauni langu sijasahau."

"Hata mimi."

Ikatundikwa ukutani, karibu na mlango wa ukumbi. Watu walikuja wakacheka mpaka wakatoka nje kupumua, kisha wakarudi na kuanza kunyoosheana: ile ndoo yetu, ule mlango wa marehemu shangazi, pale ndipo mbwa aliponing'ata. Zile ndege hakuna aliyezitazama tena. Fundi bomba alikuja kumfokea mama yake, akamkuta baba yake ukutani, akasahau alichojia.

Lori liliondoka jioni. Bi Pasi baadaye alitumiwa nakala kubwa, haijakatwa popote, akaitundika sebuleni kwa mwanawe dhidi ya matakwa ya mkwe. Aliishi huko mpaka alipofariki. Mjukuu akaota jino. Mwalimu alihamishiwa shule nyingine, akaolewa na mpima ardhi. Kinyozi alipofushwa na kisukari, akaendelea kunyoa kwa muda, wateja wakapungua. Malkia alihamia kwa dada yake na kufa mwaka mmoja na Bi Pasi, hawakuandikiana. Fundi bomba ana watoto wanne sasa. Dereva aliuza lori. Kota ilivunjwa mwezi uliofuata, na mahali pake pakawekwa uwanja wa kuegesha magari.