Pini Mdomoni, Joho la Mfalme

...na upindo uburuze sakafuni, anasema shangazi, uburuze kabisa, mfalme hakatiwi nguo kwa kuogopa kujikwaa, naye amesimama juu ya stuli na joho la mahameli nyekundu la mwigizaji atakayekuwa mfalme kwenye tamthilia, mwenyewe hakuja kupimwa, eti mafua, basi shangazi akalivaa yeye, mabega yao sawa, na mimi nimepiga magoti miguuni pake, mdomo umejaa pini, na hapa kwetu mwenye pini mdomoni haulizwi neno, sheria aliyoitunga mwenyewe tangu mwanafunzi mmoja alipomeza moja, lakini leo kaivunja, "Mwanangu, ni kweli unahamia kwa yule?"... yule, hata jina hamtaji, yule wa ng'ambo ya barabara, Mkasi tunamwita, aliyefundishwa kushona humu humu, akaondoka na nusu ya mafundi na kufungua duka lenye kioo kikubwa kuliko chetu, na ufunguo wa duka hilo umo kwenye mfuko wa aproni yangu, alinipa jana, njoo uwe mkuu wa mafundi, alisema, huko utabaki mtoto wa kaka mpaka uzeeke... pini, hapa, jamani joho limemkaa, Mungu anisamehe, ungedhani alizaliwa nalo... "Unajua huyu mfalme alianzaje?" anauliza, anajitazama kiooni, "Na mtumbwi mmoja, wa kuvushia watu," najua shangazi, nimeisoma tamthilia yote, mtumbwi, kisha mto mzima, kisha masoko ya kandokando, kisha falme za watu, na wewe ulianza na cherehani moja chini ya ngazi za nyumba ya kupanga, mimi nikilala kwenye kapu la vitambaa, leo hakuna bibi harusi mjini asiyekubembeleza... na yule malkia adui yake, alikuwa mtunza ghala wake, akamkimbia na nusu ya wapiga mishale, akajenga dola yake nyuma ya milima, wakashindana maisha yao yote, huyu akijenga boma yule anajenga refu zaidi, huyu barabara, yule daraja, wanasema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, mimi nyasi mwenyewe mbona nimenawiri, Mkasi alipoleta mashine ya kutarizi shangazi akanifundisha kutarizi kwa mkono mpaka vidole vikavimba, ustadi wangu wote umetoka kwenye ugomvi wao... ila mwisho wa tamthilia sikuuelewa, malkia anakufa na mfalme, badala ya kushangilia, anaamuru jeshi zima livue viatu, kisha anakaa, hateki tena hata kijiji, dola inasinzia mpaka inakufa, nikadhani mtunzi kachoka, kumbe... kumbe ndiyo maana kila asubuhi, kabla ya chai, shangazi husimama mlangoni akakitazama kile kioo cha Mkasi, mimi nikidhani ni chuki, halafu anarudi ndani mgongo umenyooka, haya, tufanye kazi... "Nakuuliza, mtoto." Sauti imeshuka, na mahameli inatetemeka vidoleni mwangu, sijawahi kuona nguo ya shangazi ikitetemeka, ananiogopa, ananiogopa mimi niliyepiga magoti, nami nampenda... nikienda kwa Mkasi nitakuwa mpiga mishale wa malkia, nikibaki hapa nitakuwa mtunza ghala asiyekimbia, nao wote wawili wameota mvi, akitangulia mmoja, nani atamsimamisha mwenzake mlangoni asubuhi... ufunguo nitaurudisha leo hii, na pale kona, alipohama kinyozi, pana chumba kitupu, kidogo, cherehani moja itaingia... "Utakwenda, hutakwenda?" Upindo umekwisha, unaburuza kama alivyotaka, imebaki pini moja na haina pa kwenda, ningeitoa nikajibu, lakini ngoja kwanza shangazi, simama hivyo hivyo, naibana pini yangu midomoni na kumtazama kutoka huku chini, mfalme wangu huyu, hajui bado kwamba atapata adui mwingine, tena wa damu yake, tena aliyefundishwa vizuri.