Mekundu ya Misale

"Misa nzima ninayo kichwani," Bibi Sakristia alipenda kujigamba, kisha humalizia mwenyewe, "ila nikisahau miwani nyumbani, na Misa inabaki hukohuko."

Miaka thelathini alipiga pasi kanzu za mapadri katika sakristia, chumba cha mavazi ya ibada, na kupanga tepe za Misale, kitabu cha sala za Misa. Maandishi yake meusi ni ya kusemwa. Mekundu humwelekeza padri lini ainue mikono, lini anyamaze. Paroko mpya aliyaruka atakavyo. Bibi akimkumbusha, hujibiwa, "Hayo ni maelekezo tu, Bibi. Sheria ya Kanisa ina kitabu chake."

"Haya, Baba." Bibi huendelea kukunja vitambaa.

Kisha akafiwa na mjukuu, mtoto wa wiki tano. Gauni la ubatizo lilishanyooshwa kwa pasi ileile ya kanzu, lakini Paroko alikuwa ameahirisha ubatizo mara mbili, eti wazazi wamalize semina kwanza. Usiku mtoto alilazwa kitandani akiwa mzima, asubuhi hakuamka. Binti yake Bibi aliomba jambo moja tu: mwanawe aingie kanisani, asomewe Misa.

"Hakubatizwa. Sheria hairuhusu," Paroko alisema. Begi lake la safari lilishasimama mlangoni.

Bibi akafungua Misale kwenye Misa ya mtoto aliyefariki kabla ya ubatizo. Akayafuata mekundu kwa kidole, neno kwa neno: wazazi wakiwa walikusudia kumbatiza, Askofu aweza kuruhusu.

"Nimekwambia hayo ni maelekezo."

"Yakikubana wewe, maelekezo. Yakinifungulia mlango mimi, maelekezo. Hiyo sheria yenyewe inakaa chumba gani, Baba, nikaifagilie?"

Paroko akatazama saa. "Haya, nampigia Askofu." Akatoka na simu, akarudi kabla Bibi hata hajafunga kitabu. "Amekataa. Pole sana."

Katekista alisoma sala mbili makaburini, basi. Tangu siku hiyo binti hakukanyaga tena kanisani. Bibi aliendelea kupiga pasi, moyo mchungu kama shubiri.

Miezi mitatu baadaye Askofu akaja kutoa Kipaimara. Sakristiani, Paroko akivaa kando yao, Bibi alimfunga Askofu mshipi, akasema taratibu:

"Baba Askofu, mimi ndiye bibi wa yule mtoto uliyemkatalia Misa. Sitaki ugomvi. Niambie tu ni sheria gani, nikamweleze binti yangu, maana anadhani kosa ni lake."

"Mtoto yupi, mama?"

Bibi akamsimulia yote, hadi semina.

"Mama, sheria inaniruhusu kabisa," Askofu alisema. "Tena kitabu cha sheria chenyewe, mwanzoni tu, kinaviachia vitabu vya ibada namna ya kuadhimisha, na yaliyoandikwa humo yanatufunga sote. Mekundu yale ni sheria. Ningekataaje?" Akamgeukia Paroko. "Ulinipigia lini?"

"Ijumaa ile, Baba Askofu. Mtandao ulikuwa unakatakata, labda hukunisikia..."

"Wiki ile nilikuwa nimelazwa hospitali. Simu nilimwachia katibu."

"Ndiyo!" Paroko akadakia. "Nilizungumza na katibu. Ndiye aliyeniambia umekataa."

Katibu alikuwa amesimama kando ya kabati, fimbo ya Askofu mkononi.

"Mimi, Baba Paroko?"