Kidonge Kilichogoma Kuanguka

Frankline wa kidato cha tatu alikuwa ameitwa ofisini mara nyingi hivi kwamba kiti cha wageni kilikuwa kimeshazoea umbo lake. Ni yeye aliyeitangazia shule nzima, akiiga sauti ya Mwalimu Mkuu mwenyewe, kwamba chakula cha jioni kingekuwa kuku. Mabweni yalimwagika, watu wakapanga foleni hadi kwenye matangi ya maji, wakapewa maharagwe, na jiko likanusurika kwa neema ya Mungu tu. Baada ya msiba huo mama yake, Dorca, aliitwa kutoka sokoni Otonglo akiwa bado ananukia omena. Akaambiwa kwamba utundu mmoja zaidi, na kijana anakwenda nyumbani na godoro lake, asirudi.

Mama Dorca hakulia. Alimtazama mwanawe akasema, "Ukija na godoro, ulilalie hapo sokoni," akarudi kwa samaki wake.

Kwa hiyo Jumamosi ile, Frankline alipoingia maabara na uzi wa kuvulia samaki mfukoni, hakuweza kusema hakuonywa.

Lakini angefanyaje? Mwalimu Nabwire wa fizikia alikuwa amerudi kutoka mafunzo ya chuo kikuu na kidonge cheusi, kipana kama biskuti, akatangaza kwamba kikipozwa vya kutosha kitakaa hewani juu ya sumaku bila kushikwa na kitu chochote. Frankline alikuwa mtaalamu wa vitu visivyoshikwa na kitu chochote. Aliwahi kuona kwenye simu ya binamu yake video ya kijiwe kilichoinuka upande mmoja, dunia nzima ikishangilia kwamba sasa umeme utapita bila kupotea hata chembe. Kisha maabara nyingine zikajaribu, zikakuta hamna kitu. Tangu hapo aliviweka vijiwe vyote vinavyoelea katika kundi moja na wachungaji wanaouza maji ya miujiza.

Mpango wake ulikuwa wa kistaarabu. Kidonge kikishamwaibisha Madam, yeye angekivuta polepole hadi darini, kama Eliya akichukuliwa mbinguni, na darasa lingecheka hadi Krismasi. Alijitolea kukivisha kidonge pamba ya kuhifadhi baridi, akafunga uzi humo ndani. Akaupitisha juu ya boriti wakati wenzake wakigombania viti, na ncha yake akaishika chini ya meza.

Baridi yenyewe ilikuja kwa pikipiki. Walubengo, mhudumu wa mifugo, alizunguka vijiji vyote vya Seme akiwapandikiza ng'ombe mbegu za madume ambao ng'ombe wenyewe hawangewahi kuwaona. Mbegu hizo hukaa katika mtungi wa nitrojeni ya majimaji, baridi kuliko kitu chochote ambacho Kisumu imewahi kukiota. Siku hiyo alikuwa njiani kumhudumia Celestine, ng'ombe wa maziwa wa Mwalimu Mkuu, aliyekuwa akilia kwa joto la kutaka dume tangu alfajiri nyuma ya nyumba za walimu.

"Kikombe kimoja tu, Madam," Walubengo alionya, akiukumbatia mtungi kama mtoto mchanga. "Nikizidisha, mbegu zinakufa. Na huyo dume ni wa maana kuliko sisi wote hapa."

Mwalimu Mkuu, Bwana Ondiek, alisimama mlangoni mikono nyuma. Mwalimu Nabwire aliweka kipande cha kadibodi juu ya kibao cha sumaku, akalaza kidonge juu yake, akamimina. Pamba ilifoka kama uji unaomwagika, mvuke mweupe ukatambaa mezani ukaanguka sakafuni. Kisha kukatulia.

"Ndani ya kitu hiki," alisema, "elektroni zimeanza kutembea mbili mbili, kama nyinyi mkienda kanisani wawili wawili. Zikiwa hivyo hakuna kinachozizuia. Na kwa nini zinashikana mbili mbili katika aina hii ya kauri, mpaka leo waliobobea hawajakubaliana. Bado wanatafuta."

"Yawa," alinong'ona Mathews, jirani ya Frankline. "Hata wao hawajui?"

Mwalimu Nabwire akaichomoa kadibodi.

Kidonge hakikushuka.

Kilibaki pale pale, hewani, na mwanga wa dirisha ukapita chini yake. Mtu mmoja alipiga yowe. Viti vilianguka. Mathews alijikuta amesimama juu ya meza bila kujua alipandaje. Lakini hakuna aliyeshtuka kama Frankline, kwa maana yeye peke yake alijua uzi ulikuwa wapi. Ulikuwa mkononi mwake, na ulikuwa umelegea. Ulining'inia kutoka kwenye boriti kama utambi, ukajilaza mezani, hauvuti, haushiki, hauna kazi. Maisha yake yote hakuwahi kuona kitu kinachoelea ambacho si yeye aliyekielesha. Akasahau kabisa kwamba bado ameushika uzi.

Na kwa kuwa alisahau, aliketi. Na kwa kuwa aliketi, alivuta.

Kidonge kikaruka pembeni kikining'inia kwenye uzi, mbele ya macho ya Bwana Ondiek.

Celestine akasikika akilia kule nje.

"Frankline," alisema Mwalimu Mkuu kwa upole wa kutisha. "Nenda ukafunge godoro."

"Mwalimu, uzi haukuwa unashika! Ulikuwa umelegea! Haki ya Mungu kilikuwa kinaelea chenyewe!"

"Kama kuku wa Jumanne ile?"

Darasa lilicheka. Frankline alimgeukia Mwalimu Nabwire, akaona kitu kibaya kuliko godoro. Madam alikuwa akiutazama uzi, kana kwamba naye ameanza kutoyaamini macho yake. Alirudisha kidonge juu ya sumaku, lakini kilikuwa kimeshapata joto. Kikaanguka tap, kama biskuti yoyote.

"Rudieni basi," Frankline alisihi, akimgeukia Mwalimu Mkuu. "Mwalimu, mimi ndiye mwongo wa shule hii, si ndiyo? Basi nisikilize kama mwongo. Kifunge pamba wewe mwenyewe. Mimi nisimame uani. Halafu kibao kigeuzwe juu chini. Hakuna uzi duniani unaoweza kudanganya hivyo. Ningekuwa nao, ningeshautumia."

Bwana Ondiek alisitasita. Alikuwa mwalimu wa historia, na hakupenda kuhukumu kwa shahidi mmoja. "Inawezekana, Madam?"

"Kule chuoni walituonyesha," alijibu polepole. "Mimi sijawahi kukigeuza kwa mkono wangu. Na inahitaji kikombe kingine."

Wote walimgeukia Walubengo, naye akarudi nyuma na mtungi wake hadi ukutani.

"Mwalimu," alisema, "nikitoa tena, Celestine hapati kitu leo. Hizi mbegu zitakuwa maji tu. Utangoja joto lingine, wiki tatu nzima. Chagua: ndama au huyu kijana."

Celestine akalia tena, sauti ya mtu aliyeahidiwa. Bwana Ondiek alitazama dirishani, akatazama uzi, akafuta miwani yake.

"Mimina," alisema.

Frankline alitolewa nje, pua yake ikabaki kwenye kioo. Aliona Mwalimu Mkuu akikifunga kidonge kwa vidole vyake vinene. Aliona mvuke. Kadibodi ikatoka, kidonge kikabaki hewani. Bwana Ondiek alipitisha karatasi juu, akapitisha chini, haikugusa kitu. Kisha Mwalimu Nabwire alishika kibao kwa mikono miwili, akafumba macho, akakipindua.

Sumaku zikawa juu. Kidonge kikawa chini yake, kikining'inia juu ya utupu, hakigusi kitu, hakianguki.

Safari hii hakuna aliyepiga yowe. Bwana Ondiek alifungua mdomo na kusahau kuufunga. Mkono wake ulipanda kifuani kama mtu anayetafuta moyo wake, na kwa sauti ndogo, ambayo shule ile haikuwahi kuisikia, akasema, "Nyasaye wangu, Mungu wangu."

Kule nje Frankline alikuwa akilia, na hakuwa na wa kumsingizia.

Godoro halikufungwa. Lakini uzi ulikuwa uzi, na ndama alikuwa amepotea, kwa hiyo hukumu ilitolewa hapo hapo: kila alfajiri, kabla ya kengele, Frankline angeketi karibu na zizi kumwangalia Celestine hadi joto lirudi. Alfajiri baada ya alfajiri alimwangalia akitafuna, naye akiwaza kwa nini elektroni hutembea mbili mbili.

Hatimaye asubuhi moja aliingia mbio katikati ya gwaride, akaruka mstari wa kidato cha kwanza, akapaza sauti, "Mwalimu! Celestine! Yuko tayari!"

Shule nzima ilicheka hadi bendera ikatikisika. Bwana Ondiek peke yake hakucheka.

"Una hakika?"

"Hata mimi sikuamini, Mwalimu. Nimeangalia mara mbili."

Mwalimu Mkuu alishuka jukwaani. "Twende nikaone," alisema, na wakaondoka pamoja, wawili, kuelekea zizini.