Mgongano Namba 214

Mdogo wangu nilimwingiza ofisini mimi. Naanza na hilo kwa sababu watu walipokuwa wakimsifu hakuna aliyelikumbuka. Nilimfundisha kuchora modeli sebuleni kwa mama, kwenye kompyuta yangu: huu ukuta, hii nguzo, hili bomba, na jinsi jengo zima linavyosimama ndani ya kioo kabla msingi haujachimbwa. Miaka mitatu baadaye wakuu walikuwa wanamwita yeye kwanza.

Kampuni yetu huchora na kujenga yenyewe, kwa hiyo kosa likitokea hakuna wa kumsukumia. Mdogo wangu alichora mabomba ya hospitali mpya. Kazi yangu ilikuwa kuunganisha modeli za wote, ya nguzo, ya mabomba, ya umeme, na kutafuta migongano, yaani mahali ambapo vitu viwili vimepewa nafasi moja. Kompyuta huitoa kwa mamia kila wiki. Mingi ni upuuzi, waya umegusa dari kidogo. Unaandika "umekubaliwa" na mgongano unatoka kwenye orodha. Inayobaki unampelekea mchoraji arekebishe.

Mkurugenzi, tuliyemwita Mzee Sentimita kwa kupenda kwake vipimo, alikuwa anatafuta mkuu wa kitengo cha modeli. Nafasi hiyo niliingojea miaka tisa. Jumatatu moja nikamsikia koridoni akimwambia mhandisi, "Yule binti ana jicho kali. Dada yake ni mchapakazi, lakini yule ana jicho."

Mchapakazi! Hata punda ni mchapakazi. Roho iliniuma. Nikamtazama mdogo wangu mezani kwake, kakunja miguu juu ya kiti, anacheka na watu wa umeme, nikajiambia kikulacho ki nguoni mwako. Kucheka kwake kulinichukiza. Hata nywele zake, ambazo hukaa vizuri bila kuhangaishwa, zilinichukiza.

Alasiri hiyo nikauona mgongano namba 214. Bomba lake la maji machafu, ghorofa ya pili, limepita katikati ya bimu, boriti ya zege inayobeba sakafu. Jicho gani hilo sasa? Mhandisi alikuwa ameishusha bimu kwenye mchoro wiki iliyotangulia, na yeye alikuwa bado anachorea modeli ya zamani ya nguzo. Dakika kumi zingemtosha kurekebisha. Nikaandika "umekubaliwa". Nilijua jina langu linabaki pale, pamoja na saa. Nilijua pia kwamba orodha ya migongano iliyokubaliwa hakuna anayeifungua.

Akapita nyuma yangu na vikombe viwili. "Dada, kwangu kuna kitu wiki hii?"

"Uko safi."

"Basi shika chai yako. Wewe ukisema niko safi, mimi nalala usingizi."

Alhamisi wakamwaga zege. Wiki tatu baadaye fomeni akapiga simu kutoka saiti, sauti juu: "Mafundi bomba wanataka kupita, mbele yao kuna bimu nzima! Tundu hakuna! Sasa watoboe, au mnasemaje?" Mhandisi akakataa katakata, maana nondo zingekatwa. Kazi ya ghorofa nzima ikasimama, mafundi wakakaa juu ya ndoo wakipiga soga.

Lo, nilifurahi. Sitadanganya. Kikao cha kumtafuta mkosaji kilipoitwa, niliingia nimevaa blauzi yangu nzuri.

Mzee Sentimita akaiweka modeli ukutani, akaligeuza jengo, akaingia ghorofa ya pili. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia kabisa. Akafungua orodha ya migongano iliyokubaliwa, akateremka nayo hadi mia mbili kumi na nne. Jina langu likatokea, kubwa kama bango la duka.

"Huu umeukubali wewe," akasema taratibu. "Bomba ndani ya bimu. Mtu wa miaka tisa kazini. Hukuona, au uliona?"

Nikisema sikuona, nafukuzwa kwa uzembe. Nikisema niliona, afadhali hata huo uzembe.

"Nilimwambia mimi," mdogo wangu akasema. "Nilimwambia aukubali tu, bomba ningelihamisha mwenyewe siku ileile. Nikasahau. Kosa ni langu, Mzee."

Mzee akamgeukia. "Kitengo nilikuwa nakupa wewe," akasema. "Sasa kitashikwa na dada yako. Kosa lake ni kukuamini tu."

Nikamfuata kwenye ngazi. Alikuwa ameshavaa kofia ya saiti, anakwenda kutafuta njia nyingine ya bomba.

"Kwa nini umefanya vile?"

"Ile orodha niliifungua asubuhi, kabla yenu. Nikaona na saa." Akakaza mkanda wa kofia chini ya kidevu. "Dakika tatu baadaye ndio nilikuletea chai."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Nimeshakusamehe. Ningesema ukweli, dada, Jumapili kwa mama tungekaaje meza moja?" Akaanza kushuka.

Watu wakatoka kikaoni, wakanizunguka, wakanipa mikono. Hongera, mkuu. Hongera sana. Niliwaitikia wote, lakini masikio yangu yalikuwa kwenye viatu vyake, vikishuka bila haraka, ghorofa baada ya ghorofa. Wivu ukanishika upya, mkali kuliko ule wa mwanzo. Cheo chote kilikuwa changu, na bado nilitaka kuwa yeye.