Kasi ya Mbalamwezi

Kila baada ya wiki mbili Sikujua, kiongozi wa timu ya programu pale Rumonge kando ya ziwa, alihesabu kazi ambazo vijana wake wamezimaliza, ili bosi wa Bujumbura azipangie tarehe zinazofuata. Safari hii zilikuwa nusu tu ya hesabu iliyopita.

"Mumekuwa wavivu?" bosi akafoka kwenye simu.

Sikujua akawatazama Radjabu na Venanti, wamelalia kompyuta, wananuka ndagala, wale dagaa wa ziwani. Mshahara haukuwatosha, usiku walivua.

"Patron, mulitupima kasi wakati wa mbalamwezi. Mwezi ukiwaka, taa za kuvulia hazivuti ndagala, vijana wanalala nyumbani. Sasa iko giza, wanakesha ziwani."

Bosi akasikika akipekua karatasi. "Kwa kasi ile nimeshaupangia mwaka mzima kazi."

Sikujua akawatazama tena wale wawili waliolala.

"Basi mupangie na mwezi, patron. Uwake mwaka muzima."