Boriti Mbili za Boti ya Kijiji

Mimi ni fundi wa milango. Nalisema mapema ili mtu asije akaniuliza nilikuwa natafuta nini kwenye boti. Pale Isevya, Tabora, ukitaka mlango wa mninga usiopitisha hata upepo, ulimuulizia Fundi Mfaume, na ukinikuta nina kazi nyingi ulisubiri, maana sikuwa mtu wa kuharakishwa. Sifa hizo ndizo zilizoniponza.

Mwaka 1975 mdogo wangu Abbasi alikuwa amehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa kando ya Ziwa Sagara, huko mbele ya Urambo. Kijiji kilikuwa na boti moja ya mbao, iliyoletwa kwa treni kutoka Kigoma, na Abbasi ndiye aliyepewa kuiendesha, yeye na wenzake sita. Boti ilikuwa imefunikwa mbao juu kote, kama sakafu. Samaki walirundikwa juu ya sakafu hiyo, jua likiwachoma na mwewe wakijichagulia, na ikifika saa sita nusu yao wameshaharibika. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Raymundi, akataka ikatwe milango miwili kwenye sakafu ili samaki wakae chini, kivulini, juu ya majani mabichi. Abbasi akasema, "Kaka yangu anatengeneza milango." Basi nikaitwa.

Kazi yenyewe niliidharau. Mlango wa kulala na mlango wa kusimama, tofauti iko wapi? Chini ya sakafu kulikuwa na boriti zilizovuka kutoka ubavu mmoja wa boti hadi mwingine, zimekaribiana kiasi kwamba tenga la samaki halipiti katikati yake. Bwana Raymundi alitaka tenga lipite. Nikafanya kama ninavyofanya kwenye ukuta wa nyumba: nikakata boriti mbili, moja kwa kila mlango, nikazungushia fremu nzuri, nikapachika vifuniko vya mninga kwa bawaba.

Msukuma mmoja, Mayala, aliyekuwa amevua miaka mingi Ziwa Viktoria kabla ya kuhamia kijijini hapo, alikuwa ameketi karibu akishona wavu. Aliniona nikishika msumeno.

"Wee Mnyamwezi," akasema, "umeikata boti mbavu! Hiyo si boti tena, ni jeneza la Wanyamwezi saba. Mimi nakwenda kuosha sahani yangu, maana wali wa matanga yenu siukosi."

Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Sisi na Wasukuma ni watani. Msukuma akikuona umejenga nyumba atasema umejenga zizi, na akikuona umeoa atauliza bibi harusi alipofuka macho lini. Hukasiriki. Ukikasirika umeshindwa. Nikamjibu, "Msukuma, kazi yako ni kuchunga ng'ombe, mbavu unazozijua ni zile za kuchoma." Wakacheka tena, nami nikaendelea kukata.

Siku ya kukabidhi kazi alikuja mgeni kutoka wilayani. Nyavu zilikuwa zimetegwa jioni iliyotangulia. Boti ingekwenda kuzitoa na kurudi na samaki tumboni, mgeni ashuhudie milango ikifunguliwa. Boti ilikuwa imelala majini. Alfajiri nilikwenda kuikagua, nikakuta kifuniko cha mbele kimekwama. Jana yake kilifunga kwa kidole kimoja. Sasa nilikikanyaga kwa mguu na bado kona moja ilibaki juu.

Kila mwanafunzi wangu nimemfundisha neno hili: mlango ukikwama usiulaumu mlango, tazama nyumba. Ukuta umezama, au msingi umesogea. Nami nilisimama juu ya boti ile, neno langu mwenyewe likinigonga kichwani, na nilichofanya ni kuchukua randa nikapunguza kona. Kikafunga. Nikajiambia ni maji, mbao zimevimba. Nasema kweli yangu: niliogopa kicheko cha Mayala. Niliogopa kumfuata Bwana Raymundi, mgeni yuko njiani, mbuzi ameshachinjwa, nimwambie kwamba fundi wa Isevya amekosea.

Saa mbili niliungana nao kuisukuma boti, ikaondoka. Watu saba, nyimbo, vigelegele. Nikapewa kiti karibu na mgeni, nikaletewa chai ya maziwa na sahani ya maini. Nilikuwa naitazama boti inavyozidi kuwa ndogo, nahesabu vichwa, saba, halafu nahesabu tena.

Ndipo nilipomwona Mayala. Alikuwa amesimama ufukweni peke yake, na nikagundua kwamba tangu asubuhi hakuwa ametania mtu yeyote. Jamani, mtani hutania hata msibani. Hushuka kaburini akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Mtani aliyenyamaza sijawahi kumwona.

Nikamfuata. "Mayala, yale maneno ya juzi. Ulikuwa unatania?"

Hakugeuka. "Nilitania. Na ilikuwa kweli."

"Mbona hukuniambia wazi?"

"Ningekuambiaje? Wewe fundi mkubwa wa mjini, mimi mshona nyavu. Ningesema bila utani, ungesema nakuvunjia heshima. Nikasema kwa utani, ukacheka. Jana nimemwambia mwenyekiti, naye kacheka." Sasa akanitazama. "Boriti zile ndizo zinazoshikilia mbavu. Ikiwa tupu itaelea. Ikijaa samaki, ubavu utafunguka."

Nilikimbilia kwa Bwana Raymundi. Nikamwambia mbele ya mgeni kwamba boti irudishwe, Mayala amesema itapasuka. Wote wawili wakaangua kicheko.

"Mheshimiwa, hawa ni watani," mwenyekiti akasema akifuta machozi, "usiwasikilize. Hapo wanatafuta mpumbavu ni nani kati yao."

Sijui kuogelea. Mtu wa Isevya ataogelea wapi? Lakini niliingia kwenye mtumbwi wa Mayala, nikashika kingo kwa mikono miwili, naye akapiga kasia. Kila wimbi lilipotugonga nilisoma dua yoyote iliyonijia. Tulipoikaribia boti nikaona imekaa chini sana. Matenga yalikuwa yameshashushwa ndani na vifuniko kufungwa, na bado walikuwa wanavuta wavu mwingine.

"Msukuma!" Abbasi akapaza sauti, furaha imemjaa. "Umemteka kaka yangu? Unamuuza kwa ng'ombe wangapi?"

"Tupeni samaki majini!" nikapiga kelele. "Boti inapasuka!"

Wakacheka, wote saba. Mmoja akainua kambale mkubwa akanionyesha.

Lilibaki neno moja tu, na hilo haliingizwi kwenye utani. "Wallahi, Abbasi! Wallahi nimekata boriti zinazoishikilia boti. Kosa ni langu. Mtakufa!"

Wavu ukaachiwa. Abbasi alinitazama, akapiga magoti, akavuta kifuniko cha mbele. Hakikufunguka. Akakivunja kwa shoka. Alipochungulia ndani nilimwona akibadilika uso. Alianza kutupa samaki kwa mikono miwili, na wenzake nao wakayaona maji yakiingia, wakafuata, samaki wa kwanza kupita kwenye milango ile mipya wakirudi majini mbele ya mgeni na kijiji kizima kilichojipanga ufukweni.

Boti iliingia ufukweni ikiwa na maji ya kufika magotini. Kwenye ubavu wa kushoto mbao mbili zilikuwa zimeachana, na vidole vyangu vinne vikaingia katikati. Bwana Raymundi alikuja na maneno mengi mdomoni, akauona ule ufa, akayameza.

Abbasi alikaa mchangani, magamba ya samaki yamemganda mikononi. Nikakaa karibu naye.

"Kaka," akasema taratibu, "ulijua lini?"

Ningeweza kusema kwamba Mayala ndiye aliyeniambia, muda si mrefu. Usingekuwa uongo kabisa.

"Alfajiri," nikasema. "Kifuniko kilikwama, nikakipiga randa."

"Alfajiri," akarudia. "Na saa mbili ukashika boti pamoja nasi, ukatusukuma."

Nikamjibu ndiyo. Akainuka, akajifuta mikono kwenye suruali, akaenda kumsaidia Mayala kuvuta mtumbwi, mimi nikabaki pale nimekaa.